Umeombwa uwe mshauri wa kujitolea wa shule ya mafunzo ya porini? Soma hii kabla hujasema ndio

Kuna simu moja watu wengi wanapigiwa, hasa madaktari, wanasheria na wale waliozoea milima na mito. "Tuna shule yetu ya mafunzo ya nje ya darasa, vijana tunawapeleka milimani na majini, hatutengenezi faida, tunaomba uwe mshauri wetu." Mtu anakubali hapo hapo maana kazi yenyewe ni nzuri na kukataa ni kama roho mbaya, alafu mwaka unakatika hajaulizwa hata swali moja, jina na picha tu ndo viko kwenye tovuti ya shule. Sisi tunaofundisha uendeshaji wa taasisi zisizo za faida hiki kitu tunakiona sana na tunasema wazi, huyo sio mshauri, ni pambo. Na kwa shule inayolaza watoto wa watu porini, pambo ni baya kuliko kutokuwa na mtu kabisa, kwa sababu mzazi akiona "Dkt." pale anajua kuna daktari anaangalia mambo, kumbe hakuna.

Shule zenyewe sio jambo la juzi. Outward Bound ilianza 1941 kule Aberdovey, Wales, na aliyeianzisha ni Kurt Hahn, mwalimu aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, akishirikiana na Lawrence Holt aliyekuwa na kampuni ya meli. Holt hakuwa mwalimu wa michezo wala wa nini, yeye alikuja na pesa pamoja na swali lililokuwa linamsumbua, kwamba meli zikipigwa na kuzama baharini mbona mabaharia vijana wenye nguvu wanakata tamaa mapema kuliko wazee? Mafunzo yakapangwa kujibu hilo. Marekani nako Paul Petzoldt, mpanda milima aliyekuwemo kwenye msafara wa Wamarekani kule mlima K2 mwaka 1938, akafungua NOLS, shule ya kufundisha uongozi wa porini, mwaka 1965 huko Wyoming kwa sababu aliona waalimu wanaojua kuongoza vijana porini ni wachache. Nimemtaja Holt makusudi. Mtu wa nje anakuwa na faida pale anapoleta swali ambalo waliomo ndani hawalioni au wameshalizoea, na kwa maoni yangu hiyo ndo kazi yote ya mshauri, mengine ni nyongeza.

Sasa watu wanachanganya bodi na washauri. Bodi ndo yenye dhamana ya shule kisheria, inapiga kura, inapitisha bajeti, inamwajiri na kumfukuza mkurugenzi, na mambo yakiharibika bodi ndo inaitwa kujibu. Baraza la washauri halina kura. Linasema, linauliza, linaandika, bodi inaamua. Inaonekana rahisi hivo lakini ukienda kwenye shule ndogo utakuta mshauri mwenye pesa au jina kubwa anampigia mkurugenzi simu saa mbili usiku anamwambia badilisha ratiba ya kesho na mkurugenzi anabadilisha, bodi haina habari. Hapo amekuwa bosi asiye na cheo. Uingereza sheria ya kampuni ya 2006 inamtambua kabisa mtu wa aina hiyo, yaani mtu ambaye wakurugenzi wamezoea kufuata maelekezo yake, na anaweza kubebeshwa majukumu ya mkurugenzi japo hajawahi kuteuliwa, isipokuwa kama alichokuwa anatoa ni ushauri wa taaluma yake tu. Marekani wao wana sheria ya 1997 inayowakinga wanaojitolea kwenye taasisi zisizo za faida wasishitakiwe kwa makosa ya kawaida ya kibinadamu, lakini kinga hiyo haifuniki uzembe uliopitiliza wala ajali uliyoisababisha ukiwa unaendesha gari. Kwa hiyo usije ukajiaminisha kwamba "mi najitolea tu, hainihusu". Nchi uliyopo ina sheria zake, uliza mapema.

Tuje kwa daktari maana huyu ndo mshauri ambaye shule za hivi haziwezi kwenda bila yeye. Kikundi kiko mbali, hospitali ni mwendo wa siku nzima au zaidi, alafu mwanafunzi anaumwa na nyuki, midomo inavimba, pumzi inakata. Dawa inayotakiwa ni adrenalini, sindano ya paja upande wa nje, na inatakiwa saa hiyo hiyo sio baadaye. Sehemu nyingi hiyo ni dawa ya cheti cha daktari, mkufunzi hawezi kuibeba na kumchoma mtu kwa sababu tu amesoma kozi ya huduma ya kwanza, lazima kuwe na daktari aliyeandika maelekezo na kuyatia saini, dalili zipi, kiasi gani, kama hapati nafuu baada ya dakika chache arudiwe au la, na akishapata nafuu nini kifuate. Hilo la mwisho wengi wanalisahau. Mtu anaweza kuonekana kapona alafu hali ikamrudia saa kadhaa mbele bila kuumwa tena na mdudu, ndo maana maelekezo mazuri yanasema mgonjwa atolewe porini hata kama saivi anacheka. Daktari anayejitolea kwa dhati hataishia kusaini. Atauliza sindano ziko ngapi na nani anabeba. Kikundi kikigawanyika viwili kupanda kilele, upande wa pili una sindano au zote zimeenda na mkufunzi mmoja? Usiku wa baridi kali zinalala wapi, maana haitakiwi kuganda, na ikipigwa na joto kali kwenye begi nayo inaharibika. Hayo maswali matatu yana thamani kuliko hotuba yoyote ya ufunguzi.

Na zile fomu za afya za wanafunzi jamani, ni siri. Mshauri akipewa azisome ili aseme nani anahitaji maandalizi ya ziada, anasoma anashauri basi, asiende kusimulia kwenye chakula cha jioni kwamba mtoto wa fulani ana kifafa.

Kitu kingine ambacho mshauri wa usalama anatakiwa kudai akione kwa macho yake ni ripoti za kuponea chupuchupu. Sio ajali, ajali kila mtu atazisikia, ni yale yaliyokaribia kuwa ajali. Chukulia ripoti fupi kama hii: "Mwanafunzi aliteleza akivuka mto, begi likamvuta chini, mwenzake akamdaka. Mkanda wa kiunoni ulikuwa umefungwa. Wanafunzi wamekumbushwa kufungua mikanda kabla ya kuvuka." Wa ndani wataisoma na kusema sawa tatizo mkanda, limeisha. Ni kweli kufungua mkanda wa kiunoni ni jambo la lazima ili begi uweze kulitupa ukianguka, lakini mshauri anayejua mito atauliza walivuka saa ngapi. Mto unaotoka kwenye theluji au barafu unapungua alfajiri na kujaa alasiri jua likishayeyusha huko juu, kwa hiyo kama walifika mtoni saa tisa mchana basi kosa lilianza asubuhi pale walipochelewa kuondoka kambini, na ukifuatilia kwa nini walichelewa unaweza kukuta ratiba ya shule yenyewe inawabana wafike kambi ya mbali siku hiyo hiyo. Yaani umetoka kwenye mkanda wa mwanafunzi umefika ofisini kwa aliyepanga safari. Ofisi hazipendi hiyo safari, lakini ndo inayookoa watu.

Ubaya wa kukosa sikio la nje tuliuona Uingereza Machi 1993, pale Lyme Bay, vijana wanne wa shule walipokufa wakiwa kwenye safari ya kayaki iliyoandaliwa na kituo cha kampuni binafsi. Mwaka uliotangulia, 1992, wakufunzi wawili walioacha kazi pale walikuwa wameandika barua wakionya kuhusu usalama. Barua ikaenda kwa mkurugenzi. Ikaishia hapo. Mwaka 1994 kampuni pamoja na mkurugenzi wake wakatiwa hatiani kwa kusababisha vifo, na 1995 ikatungwa sheria ya kulazimisha vituo vya aina hiyo kuwa na leseni. Ile ilikuwa biashara, ila njia ya barua kwenye shule nyingi zisizo za faida ni ile ile, malalamiko yanaenda kwa anayelalamikiwa. Kwa hiyo baraza la washauri lenye akili linaomba mkufunzi yeyote awe na ruhusa ya kuwaandikia moja kwa moja, na wao wanapeleka kwa mwenyekiti wa bodi, bila kupita ofisini.

Habari ya pesa sitakaa nayo. Ndio, washauri wanafungua milango ya wafadhili na ndo njia vijana wasio na uwezo wanapata nafasi, hilo jema, ila kama wewe unauza mahema au unakata bima na shule inanunua kwako, sema mapema na utoke nje wakati linajadiliwa.

Kabla hujasema ndio, omba uandikiwe karatasi moja tu inayosema unashauri kuhusu nini, unaripoti kwa nani, unakaa miaka mingapi (miaka mitatu inatosha, ikipendeza waongeze), nauli nani analipa, na bima ya shule inakugusa au haikugusi. Omba pia uende nao angalau safari moja kama mshiriki wa kawaida, ubebe begi lako, maana mshauri anayeijua shule kwa mikutano ya mtandaoni anashauri picha za mtandaoni. Na ikitokea umeandika kuhusu jambo la usalama, umekumbusha, bodi nayo iko kimya, jiuzulu kwa maandishi ukisema sababu, nakala kwa mwenyekiti, dai jina lako litolewe kwenye tovuti, alafu wiki inayofuata ingia mwenyewe uhakikishe wamelitoa.