Kabla hujajaza ile fomu ya maktaba, soma hii kwanza

Linki ya fomu ya kutathmini maktaba ilishatumwa kwa imeili ya kila mwanafunzi na kila mwalimu hapa chuoni, na tangu itoke simu ya dawati letu haipoi. Wanaopiga hawaulizi mambo ya maktaba, wanauliza fomu yenyewe, mbona swali moja najibu mara tatu, mbona mnataka kujua niko idara gani, alafu lile linaloulizwa kuliko yote, nikiandika ukweli si mtaninyima klirensi, yaani ule mhuri wa kuonyesha sina deni la maktaba? Hata kampasi ya hapo Nakuru taoni wamenipigia swali hilo hilo. Mimi ni mkutubi na kazi yangu ni kupima huduma, kwa hivyo wacha nieleze polepole, na nitaongea juu ya kipimo tu, manake mambo ya bajeti yanaamuliwa na wakubwa wa chuo, hayaamuliwi kwa dawati langu.

Tuanze na zile safu tatu. Kila swali linataja huduma moja, tuseme mahali patulivu pa kusomea, na wewe unaipa alama tatu kati ya 1 na 9. Ya kwanza ni kiwango cha chini, yaani huduma ikishuka hapo huwezi kuvumilia tena. Ya pili ni kile ungetaka kama mambo yangekuwa sawasawa. Ya tatu ni kile unapata saa hii ukiingia mlangoni. Komredi wa mwaka wa pili anaweza kuweka 5, 8, 6 kwa swali la utulivu. Sita toa tano inabaki moja, kwa hivyo anavumilia, sita toa nane ni hasi mbili, kwa hivyo hajaridhika. Sasa mwalimu wa kilimo akifika kwa swali la majarida anaweka 7, 9, 5. Tano toa saba ni hasi mbili, huyo ameshapita hata pale pa kuvumilia, na kwenye chati hapo panapakwa rangi nyekundu. Tungewauliza hao wawili swali moja tu, je umeridhika, mmoja angetupa 6 na mwingine 5, na mtu angeona wanakaribiana wakati mmoja anaendelea na masomo yake na mwingine kazi yake imekwama.

Njia hii hatukuibuni sisi. Mwaka wa 1988 wataalamu watatu wa biashara huko Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitoa kipimo kinaitwa SERVQUAL, ambacho kinapima huduma kwa kulinganisha kile mteja alitarajia na kile aliona. Mwaka wa 2000 chama cha maktaba za utafiti cha Amerika Kaskazini, ARL, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Texas A&M, wakaanza kujaribu kipimo cha aina hiyo kwa maktaba za vyuo, ndio LibQUAL+. Kina maswali 22 ya msingi, 9 ni ya namna watu wa maktaba wanakuhudumia, 8 ni ya kupata vitabu na majarida unayohitaji bila kuzungushwa, 5 ni ya maktaba kama mahali pa kukaa na kusoma. Fomu yetu inafuata hiyo njia ya alama tatu, ndio mtu akiniambia tunarudia maswali ili kujaza karatasi nachoka kidogo, kwa sababu hiyo alama ya kwanza na ya pili ndizo zinatuonyesha tuanze kurekebisha wapi.

Na hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Kuna wale wanaweka 9, 9, 9 kutoka juu hadi chini kwa sababu wanatupenda, na wale wanaweka 1, 1, 1 kwa sababu walipigwa faini. Zote mbili hazitusaidii. Kuna wengine wanaweka kiwango cha chini 8 na wanachotamani 5, jamani, utakubalije 8 ndio uvumilie alafu utamani 5? Hilo ni kosa la mantiki na kompyuta inalihesabu. Utaratibu wa LibQUAL+ ni kwamba fomu ikiwa na makosa ya aina hiyo zaidi ya 9, au ikiwa na majibu ya "hainihusu" zaidi ya 11, inatolewa kabisa kwenye hesabu. Inatolewa yote, hata yale maswali ulijaza vizuri yanaenda. Sisi tunafuata sheria hiyo hiyo na hatuna namna ya kukupigia simu kusema rekebisha, manake hatujui ni ya nani. Kwa hivyo ukiwa na haraka ya kwenda darasani iache, jaza jioni ukitulia, bora uchelewe kuliko uijaze ovyo.

Jambo la pili, wewe ambaye huingii maktaba pia jaza. Nimesikia wanafunzi wakisema ati mimi laibu sikanyagi, fomu ni ya wale wanakesha huko. Wale wanakesha tunawaona kila usiku, tunajua shida zao. Wewe ambaye uliacha kuja mwaka wa kwanza na sasa unasomea hosteli kwa bando zako mwenyewe ndio hatukujui, na ukikosa kwenye hesabu majibu yatatoka mazuri kuliko hali ilivyo. Vile vile idadi ya watu wanaopita getini tunaiandika kila siku na tunaipeleka kwa ripoti, lakini haipimi ubora. Stima ikipotea hosteli na jenereta ya maktaba iwake, geti linahesabu watu wengi sana, na wengi wao wamekuja kuchaji simu. Wingi wa vitabu nao ni hivyo hivyo. Wakaguzi wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wakija wanaangalia vitabu na viti na ni haki yao, lakini rafu inaweza kujaa vitabu ambavyo hakuna mtu amevigusa tangu vinunuliwe.

Sasa nije kwa walimu, na hapa nitakaa kidogo. Malalamiko makubwa ya walimu ni majarida. Hata nje ya Kenya, mahali kipimo hiki kimetumika, walimu ndio mara nyingi wanaona upande wa majarida uko chini ya kile wanavumilia, kwa hivyo Daktari usifikiri uko peke yako. Lakini ile hasi mbili ya mwalimu wa kilimo inaweza kutoka mahali pawili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani. Pengine jarida hatulipii, basi hapo shida ni pesa na orodha. Pengine jarida tunalilipia na liko wazi, ila wewe unalitafuta ukiwa nyumbani Njoro au Milimani kwa intaneti ya simu, ukurasa unakuitisha dola, unafunga laptopu na unatangazia idara nzima kwamba maktaba haina kitu. Mchapishaji anatambua chuo kwa anwani ya mtandao wa chuo. Ukiwa ndani ya kampasi anakuona, ukitoka nje ya geti hakuoni, mpaka uingie kwanza kwa ile huduma ya kusoma ukiwa nje ya kampasi, kwa imeili ya chuo na paswadi yako. Hiyo imeili ni ile ya chuo, ile ya kibinafsi haifanyi. Tumelisema kwenye kila semina ya mwanzo wa mwaka na bado kuna maprofesa wanaotuma wanafunzi wao wa uzamili walipie makala ambayo chuo kilishayalipia, na hilo linaniuma kwa sababu mwanafunzi anatoa pesa ya chakula.

Malipo yenyewe vyuo vya Kenya havifanyi kila mtu kivyake, tunaungana kwa KLISC, muungano wa maktaba unaokaa chini na wachapishaji na kujadiliana bei kwa niaba ya wanachama, alafu kila chuo kinatoa mchango wake. Chuo kikichelewesha mchango, huduma inaweza kufungwa kwa chuo hicho. Zaidi ya hapo sitasema. Ila mwalimu akijaza fomu, kile kisanduku cha maoni mwishoni aandike jina la jarida, na aseme alikuwa wapi alipolikosa. "Majarida hakuna" hatuwezi kuifanyia kazi. "Nilikosa jarida fulani la magonjwa ya mimea nikiwa ofisini, kwa waifai ya chuo" tunajua siku hiyo hiyo kama ni kuingia, kulipia au mtandao.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza kilio chao ni mahali. Ukija ukumbi wa chini wiki ya mitihani saa mbili usiku utaelewa, kila kiti kina mtu au kina begi, na lile begi mwenyewe alienda kula saa kumi na moja akaacha daftari wazi na kalamu juu yake ionekane ametoka sasa hivi. Chini ya meza kuna waya wa eksitensheni umeunganishwa na eksitensheni nyingine, laptopu tano kwa soketi moja, na yule wa mwisho ameshika plagi kwa mkono juu ikiachiliwa inakata. Hiyo ni hatari ya moto na tumeikataza, lakini pia najua wanafanya hivyo kwa sababu soketi za upande wa dirisha hazifanyi kazi. Na namna tulijua hazifanyi ni kwa sababu mwanafunzi mmoja aliandika kwa kisanduku cha maoni ghorofa gani, meza za upande gani, tukampeleka fundi akaona mwenyewe. Fomu zilizoandikwa "laibu ni mbaya" tu zilikuwa nyingi kuliko hiyo moja na hazikumpeleka fundi popote.

Sasa lile la siri. Jina hatuulizi, namba ya usajili hatuulizi. Tunauliza kundi lako (shahada ya kwanza, uzamili, mwalimu), kitivo na idara, basi, kwa sababu tukichanganya wote kwa wastani mmoja yule mwalimu aliyeweka 5 anafichwa na wanafunzi wengi walioweka 7. Idara ikiwa na watu wachache sana hatuitoi peke yake kwa ripoti, tunaiunganisha na kitivo ili mtu asitambulike. Haya si mambo ya hiari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatutaka tukusanye tu data inayohitajika kwa kazi tuliyoitaja, tukwambie ni ya nini, na tusiitumie kwa kitu kingine. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mtu, Kamishna wa Data anatakiwa aarifiwe ndani ya saa 72, na faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia kwa shirika, ile iliyo ndogo kati ya hizo. Hakuna mkutubi mwenye akili timamu atahatarisha hayo ili ajue nani alisema dawati letu lina watu wakali.

Kwa hivyo klirensi haihusiani na fomu, naomba hili liishe. Klirensi inaangalia mambo mawili kwa akaunti yako, kitabu ambacho hakijarudi na faini ambayo haijalipwa. Kitabu cha kawaida faini yake inahesabiwa kwa siku, cha mkopo mfupi kwa saa, ndio maana unaweza kuchelewesha cha mkopo mfupi usiku mmoja ukakuta deni limezidi la kitabu cha kawaida cha wiki nzima. Kitabu kikipotea ripoti siku hiyo hiyo kwa dawati la kuazima, kwa maandishi, kwa sababu faini inasimama siku umeripoti na haisimami siku kilipotea. Ukishaandikisha una njia mbili, ununue kitabu kile kile, toleo lile au jipya zaidi, au ulipe bei yake pamoja na gharama ya kukiandaa upya. Fotokopi iliyofungwa haikubaliki, hata ikiwa nzuri namna gani, hiyo inatuingiza kwa Sheria ya Hakimiliki. Kurasa zilizochanwa ni kesi ya nidhamu, haiishi kwa dawati. Mwenye deni akilipa anapewa risiti, risiti inakuja kwetu, tunafungua akaunti, alafu ndio fomu ya klirensi inapigwa mhuri, kwa hivyo usije siku ya mwisho saa kumi ukitaka tukufanyie hayo yote ukisimama hapo. Kama unaona faini ulipigwa kimakosa kuna fomu ya rufaa hapo hapo dawati, ijaze na uambatishe risiti ya kurudisha. Usiiandike kwa fomu ya tathmini, huko hatutaijua ni yako na hatutaweza kukusaidia.

Fomu ikifungwa tunachambua kwa makundi, alafu muhtasari unabandikwa mlangoni na kuwekwa kwenye portali, pamoja na sehemu zile nyekundu, hatuzifichi. Yale ya kurekebisha kwa mikono yetu, kama saa za kufungua ukumbi, mabegi kwenye viti na adabu ya dawati, yanaanza semista inayofuata bila kungoja mtu. Yanayotaka pesa tunayapeleka juu na zile hasi zikiwa kwenye jedwali, na kwa uzoefu wangu jedwali linasikizwa kuliko barua ya malalamiko. Asiyekuwa na bando aje na kitambulisho cha chuo kwa dawati la marejeleo, tumetenga kompyuta mbili kwa fomu hii tu na karatasi pia ziko, anayejaza karatasi aikunje na kuitia mwenyewe ndani ya sanduku lililofungwa, asimpe mfanyakazi yeyote mkononi.