Pango Moja, Walimu Watatu: Kesslerloch na Akiolojia ya Uswisi

Nikiulizwa akiolojia ya Ulaya ilijengwa na nani, mwulizaji mara nyingi huwa anasubiri nimtajie maprofesa na mabwana wenye mali zao. Kwa upande wa Uswisi jibu langu ni fupi: walimu wa shule. Hawakuwa peke yao, lakini ukiwaondoa, historia ya kale ya nchi ile inabaki na mapengo makubwa. Napenda kulieleza jambo hili kwa kutumia pango la Kesslerloch, lililoko Thayngen katika jimbo la Schaffhausen, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Ujerumani. Pango hili si kubwa. Lilichimbwa na walimu watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja akianzia pale mwenzake alipoachia, na mara nyingine akichambua kifusi ambacho mwenzake alikuwa amekitupa nje.

Kabla ya hao watatu kulikuwa na mwalimu mwingine, Johannes Aeppli wa Obermeilen, kando ya Ziwa Zürich. Majira ya baridi ya 1853 kuingia 1854 maji ya ziwa yalishuka kuliko kawaida, na wanakijiji wakaona wamepata nafasi ya kujiongezea ardhi: wajenge kuta ufukweni, wajaze tope nyuma yake. Katika lile tope wakakuta safu za nguzo za miti, pembe, mashoka ya mawe. Aeppli akaandika barua kwa Chama cha Mambo ya Kale cha Zürich. Aliyeipokea na kuifanyia kazi ni Ferdinand Keller, mwanzilishi wa chama hicho, ambaye naye alikuwa amejipatia riziki kwa kufundisha Kiingereza. Mwaka huohuo wa 1854 Keller akachapisha ripoti yake ya kwanza juu ya vijiji vya nguzo, yaani vijiji vya kale vilivyojengwa juu ya nguzo za miti, na Ulaya nzima ikageuza macho kutazama maziwa ya Alpi. Leo maeneo 111 ya namna hiyo, katika nchi sita, yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011.

Kwa nini walimu? Fikiria kijiji cha wakulima cha karne ya 19. Mkulima akilima akaibua shoka la jiwe, atampelekea nani? Kasisi ana mambo yake, na daktari yuko mjini. Mwalimu yupo, anajua kuandika barua inayosomeka, anafahamiana na kila nyumba kupitia watoto, na watoto wenyewe humletea mfukoni kila walichookota njiani. Kwetu Afrika Mashariki pia kuna vizazi vilivyomjua mwalimu kama mwandishi wa barua za kijiji kizima, kwa hiyo picha hii si ngeni. Tena mwalimu ana likizo.

Sasa tuingie pangoni. Konrad Merk alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari hapo Thayngen. Desemba 1873 aliingia Kesslerloch, akapekua sakafu, akakuta mifupa iliyopasuliwa na vipande vya gumegume vilivyochongwa na mkono wa mtu. Mwanzoni mwa 1874 akaanza kuchimba, na katika majuma machache tu akawa ameondoa sehemu kubwa ya udongo wa pango lile. Vibarua, sururu, sepetu, udongo nje.

Kilichotoka ni hazina ya wawindaji wa mwisho wa Zama za Barafu, watu walioishi hapo takriban miaka 15,000 iliyopita. Kulikuwa na mifupa ya farasi-mwitu, sungura weupe wa nchi za baridi, hata mamothi, yaani tembo wa kale mwenye manyoya, na faru mwenye manyoya. Zaidi ya yote kulikuwa na kulungu wa kaskazini, yule anayeota pembe dume na jike na ambaye siku hizi huvuta sleji huko Skandinavia. Kipande kimoja cha pembe kilifika Zürich mikononi mwa Albert Heim, mwanajiolojia kijana, na yeye ndiye aliyetambua kwamba chini ya uchafu kuna mchoro.

Nakuomba uutazame mchoro huo vizuri, hata kama ni kwenye picha tu. Ni kulungu anayekula majani. Shingo imeinama, pua iko karibu na ardhi, miguu imepanuka kidogo kama ya mnyama anayepiga hatua huku akiendelea kulisha. Manyoya ya kifuani na tumboni yamewekwa kwa mikwaruzo mifupi, na mistari imekatwa kwa ncha ya jiwe juu ya pembe iliyo mviringo, maana yake mchoraji hakuwahi kumwona mnyama wake mzima kwa mtazamo mmoja. Alikuwa akiizungusha pembe mkononi. Mtu aliyechora hivi alikuwa amekaa muda mrefu akiwaangalia wanyama hawa wakiwa hawajashtuka. Mwindaji, bila shaka.

Hapo ndipo matatizo ya Merk yalipoanzia. Michoro ya Zama za Barafu ilikuwa imeshaanza kupatikana Ufaransa miaka ya 1860, lakini wasomi wengi, hasa Ujerumani, hawakukubali kwamba watu waliowaita washenzi wangeweza kuchora namna ile. Na kweli, katika ripoti ambayo Merk alichapisha mwaka 1875 kulikuwa na mifupa miwili ya ziada, mmoja una mchoro wa dubu na mwingine wa mbweha. Mwaka 1876 Ludwig Lindenschmit, mkuu wa makumbusho ya Mainz, akaweka ushahidi mezani: dubu na mbweha wale walikuwa wamenakiliwa kutoka kitabu cha watoto kuhusu wanyama. Ikaja kujulikana kwamba kibarua mmoja aliyekuwa amefanya kazi pangoni alichukua mifupa halisi ya zamani, akamtafuta mwanafunzi wa shule mwenye kipaji cha kuchora, kisha bidhaa ikauzwa.

Lindenschmit hakuishia hapo. Kwake yeye, samaki mmoja akioza wote wameoza, na michoro yote ya Thayngen ikatiwa mashaka, kulungu akiwemo. Mwaka 1877 wanaanthropolojia wa Ujerumani walikutana Konstanz, mji ambako vitu vyenyewe vilikuwa vinaonekana kwa macho, wakavijadili. Maoni yaliegemea upande wa uhalisi, na tangu hapo kulungu hajatikiswa tena. Ulinganishe tu ughushi ule na kazi halisi. Dubu na mbweha wamekaa kama wanyama wa vitabuni, wametulia wakitazamwa; kulungu hana habari na mtazamaji. Kwa macho ya leo tofauti ni ya wazi, ila tusijisifu: tuna mamia ya michoro ya kulinganisha, wao walikuwa na michache. Hispania nako, michoro ya Zama za Barafu ya pango la Altamira ilipotangazwa baada ya 1879, wakubwa wa fani waliikataa hadi 1902.

Funzo la kiufundi ambalo mimi hulitoa katika kisa hiki halihusu uaminifu wa vibarua. Linahusu kumbukumbu za uchimbaji. Kitu kikitoka ardhini mbele ya mchimbaji, kikaandikwa kimetoka tabaka gani, mita ngapi kutoka mlangoni, kikiwa ubavuni mwa nini, hakuna mtu anayeweza kukupenyezea mfupa wa kubuni jioni ukiwa umekaa nyumbani. Ukikusanya vitu vizuri vizuri bila kuandika mahali vilipotoka, unabaki na neno lako tu. Merk hakuwa mzembe kwa viwango vya 1874. Wengi wakati ule walichimba hivyohivyo. Lakini ndicho kilichomfanya ashindwe kujitetea.

Tena hapakuwa na sheria ya kumzuia mtu kuuza. Kulungu alinunuliwa na makumbusho ya Rosgarten huko Konstanz, yaliyoanzishwa 1870 na mfamasia Ludwig Leiner, na hadi leo mchoro maarufu kuliko yote ya Zama za Barafu uliowahi kutoka ardhi ya Uswisi unakaa Ujerumani. Kanuni ya Sheria za Madai ya Uswisi, iliyoanza kutumika 1912, ndiyo iliyokuja kusema kwamba vitu vya kale vyenye thamani ya kisayansi ni mali ya jimbo vilimopatikana. Kwa Thayngen ilikuwa imechelewa karibu miaka arobaini.

Mwalimu wa pili, Jakob Nüesch wa Schaffhausen, alirudi Kesslerloch mwaka 1893 na tena 1898 na 1899, na alipata vitu vingi tu, vingine ndani ya kifusi cha Merk. Kazi yake kubwa lakini ilikuwa mahali pengine, chini ya mwamba wa Schweizersbild karibu na mji wake, alipochimba kuanzia 1891 hadi 1893. Hapo alifanya jambo ambalo Merk hakulifanya: alifuata matabaka. Chini kabisa lilikuwapo tabaka lililojaa mifupa ya panya wadogo. Juu yake tabaka la manjano la wawindaji wa kulungu wa kaskazini, halafu panya tena, halafu tabaka la kijivu la wakulima wa kwanza pamoja na makaburi yao, mwisho udongo wa juu.

Hao panya ndio wanaonifurahisha. Taya la panya mmoja halifiki urefu wa ukucha wako, na mchimbaji mwenye haraka angelimwaga na mchanga. Mifupa hiyo haikuletwa na watu. Bundi na ndege wengine wawindaji walikaa juu ya mwamba, wakameza panya wazimawazima, wakatapika vidonge vya manyoya na mifupa, na vidonge vikaanguka chini miaka nenda rudi wakati mahali pale hapana mtu. Alfred Nehring, mwanazoolojia wa Berlin, alipoipanga mifupa hiyo kwa aina ya mnyama, akakuta katika tabaka la chini lemingi, panya wa tundra, mahali pasipo na miti. Ukipanda juu, wanyama wa msituni wanaanza kuzidi. Kwa maneno mengine, matapishi ya ndege yalieleza jinsi hali ya hewa ya Ulaya ilivyobadilika, tena bila mtu kuhitaji kipimajoto.

Si kila aliyealikwa na Nüesch alifanya kazi safi. Julius Kollmann, mwanaanatomia wa Basel, alipima mifupa ya makaburini, akaona baadhi ya watu walikuwa wafupi, akatangaza kwamba Ulaya ya kale ilikuwa na mbilikimo, akiwafananisha na watu wafupi wa Afrika. Mifupa michache, dhana kubwa. Enzi ile ilipenda sana kupanga watu kwenye ngazi, na Afrika daima iliwekwa ngazi ya chini.

Wa tatu ndiye ninayemheshimu zaidi: Jakob Heierli, aliyezaliwa 1853, mtu wa Appenzell, mwalimu aliyehamia Zürich na kufundisha huko. Mwaka 1889 alikubaliwa kutoa mihadhara ya historia ya kale chuo kikuu, katika somo ambalo lilikuwa halijapata hata kiti cha uprofesa nchini kwake. Kwa maoni yangu ukubwa wake hauko katika kitu alichokifukua. Uko katika orodha. Mwaka 1894 alitoa ramani ya akiolojia ya jimbo la Zürich, na baadaye za majimbo mengine: kijiji kwa kijiji, kimepatikana nini, wapi. Ni kazi ya kuchosha, ya mtu aliyezoea kuita majina darasani kila asubuhi. Lakini mpaka leo, barabara au reli ikitaka kupita mahali, swali la kwanza la ofisi za akiolojia duniani kote ni lilelile la Heierli: hapa kumewahi kupatikana nini? Mwaka 1901 akaandika kitabu cha historia ya kale ya Uswisi nzima, akiegemea maarifa hayo.

Mwaka 1902 na 1903 akachimba Kesslerloch, yaani sehemu zilizosalia baada ya Merk na Nüesch. Ripoti yake ya 1907 haina sauti ya mtu mmoja: yupo mtaalamu wa mifupa, yupo wa mimea, yupo wa miamba na udongo, kila mmoja na sura yake. Mwaka huohuo wa 1907 ikaundwa Jumuiya ya Uswisi ya Historia ya Kale, Heierli akawa katibu wake, akianzisha taarifa ya kila mwaka ya uvumbuzi wote nchini. Alifariki 1912. Ukatibu ukachukuliwa na Eugen Tatarinoff wa Solothurn, naye mwalimu. Taarifa ile imebadilika jina na sura, lakini bado inatoka.

Kuhusu mifupa ya Kesslerloch iliyohifadhiwa makabatini, kuna habari ya karibuni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen walichapisha uchunguzi wa kipande cha taya la juu la mnyama wa jamii ya mbwa. Meno yalikuwa madogo mno kuwa ya mbwamwitu waliowindwa na watu wa pangoni. Ni mbwa wa kufugwa, na kipimo cha kaboni kilimpa umri wa kati ya miaka 14,100 na 14,600, mmoja wa mbwa wa kale kabisa ambao wataalamu wengi wanawakubali. Hakuna hata mmoja wa wale walimu aliyekuwa na njia ya kupima hivyo. Waliziacha tu zile taya bila kuzitupa.

Ukipata safari ya huko, pango liko mwendo wa miguu kutoka kituo cha reli cha Thayngen. Vitu vyake vimetawanyika: kulungu yuko Konstanz, vingine viko katika Makumbusho ya Allerheiligen mjini Schaffhausen, na mkusanyo wa Schweizersbild ulinunuliwa na serikali ya shirikisho kwa ajili ya Makumbusho ya Taifa ya Zürich. Anzia Konstanz, na umwombe mlinzi akuonyeshe ile pembe kwa upande wa pembeni, mwanga ukiwa unaikata mistari. Ukiitazama kutoka mbele nusu ya manyoya huyaoni.