Mshipi si ndoana

Mshipi ni uzi wa kuvulia unaoshikwa mkononi, pamoja na vyote vilivyofungwa humo: chubwi (kile kizito cha kuuzamisha), ndoana, chambo. Ndoana ni kile chuma kilichopinda, basi. Lakini siku hizi kila samaki asiyetoka kwenye wavu wala dema, ule mtego wa kusukwa, huambiwa kavuliwa "kwa ndoana", hata nguru.

Ndoana imetokana na kitendo kikongwe, kuloa, ambacho kuvua kumekwisha kukifukuza. L ikitanguliwa na N hugeuka ND, kama ulimi na ndimi. Waganda mpaka leo husema kuloba, na ndoana wanaiita eddobo. Sisi ile B imetutoka njiani. (Bara humalizia kwa O, ndoano. Hapo hatugombani.) Mshipi umekuja kwa njia nyingine kabisa: ni ukanda mwembamba wa kufungia, hata ule wa kiunoni kabla watu hawajauita mkanda, na una ujamaa na mshipa wa mwilini. Jina limekaa kwenye uzi kwa sababu ustadi uko kwenye uzi. Mvuvi hamwoni changu chini. Humjua kwa kidole cha shahada ambacho uzi umepita juu yake.

Kwa hiyo chubwi ndilo la kupimwa. Likiwa jepesi, mkondo huubeba uzi ukalala mshazari, chambo kikaelea mbali na mwamba. Likiwa zito mno, samaki anadonoa na kidole hakina habari. Ndiyo maana watu wa mshipi hupenda maji mafu, mkondo unapolegea, kuliko bamvua, unapokaza. Chubwi hukaa mwisho kabisa, limefungwa kwa uzi dhaifu ili likikwama lipotee lenyewe tu, na ndoana zikae juu yake kwenye vitawi visivyozidi shubiri. Kitawi kirefu hujisokota kwenye uzi mkuu, na ngisi wa chambo anabaki kuliwa bure.

Kurambaza ni kazi nyingine. Chombo kinakwenda, chubwi halipo, chambo kinaburutwa juujuu kiasi cha pima 15 au 20 nyuma, kwa sababu nguru, jodari na sulisuli hufukuza kinachokimbia. Karibu na ndoana hutiwa kipande cha waya. Bila ya hicho nguru huukata nailoni kwa meno akaenda zake na ndoana yako. Dhulumati nayo ni kamba moja ndefu yenye ndoana nyingi, hutegwa ikaachwa, hakuna kidole kinachosikiliza.

Zote tatu zina ndoana. Muuzaji wa Darajani, soko la mjini Unguja, akikwambia changu wake ni wa ndoana, usimbishie, hajasema uongo. Muulize kwa upole tu: wa mshipi au wa dhulumati? Aliyening'inia majini usiku kucha na aliyepandishwa kwa mkono alfajiri hawafanani macho.