Je, wajua kwa nini usukani wa Hardtop unalia "kwiii" ukiukata gari ikiwa imesimama?

Kama umeshaendesha Land Cruiser za umbo la 70, hizi tunazoziita Hardtop, hii sauti unaijua. Asubuhi unawasha, unakata usukani utoke parking, unasikia kwiiii-krrk kama mlango wa stoo ambao bawaba zake hazijaona mafuta tangu nyumba ijengwe, ukianza kutembea inapungua, ukifika kwenye lami huisikii kabisa, jioni unarudi unageuza getini inalia tena. Ukiuliza watu watatu utapata majibu matatu, mmoja atakwambia boljointi, mwingine tairodi endi, zile jointi za kwenye ncha za fimbo za usukani, wa tatu pampu ya pawa steringi, na kila mmoja ana uhakika na anachosema.

Mimi yangu ni HZJ75, ile ya zamani yenye springi za bapa mbele, na ilinilia miezi. Nikaipeleka gereji, wakaniwekea tairodi endi mpya zote nne, nikalipa, kesho yake asubuhi kwiiii ile ile. Ndipo nikaamua nijifunze hii sauti inatengenezwaje, maana nimegundua ukishajua inavyozaliwa ni rahisi sana kuikamata, na usipojua utanunua spea mpaka pesa iishe.

Tuanze na sauti yenyewe. Vitu viwili vikibanana kwa nguvu, tuseme raba na chuma, ukivisukuma havitelezi hapo hapo. Vinang'ang'aniana kwanza, nguvu inajikusanya, ikizidi vinaachiana ghafla vinaruka kidogo, halafu vinashikana tena, vinaachiana tena, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja. Huko kushika na kuachia ndiko kunakotikisa chuma, na chuma ikitikisika sikio linasikia mlio. Zeze la Wagogo linalia kwa njia hiyo hiyo, upinde unaushika uzi unauvuta, uzi unachomoka, unashikwa tena, ndio maana mpiga zeze anapaka utomvu kwenye upinde ili ushike vizuri, ukiupaka mafuta zeze linanyamaza. Kwa hiyo gari inapolia kwiii inakwambia kuna sehemu palipotakiwa kuteleza sasa hivi panashika.

Na kwa nini ikiwa imesimama? Gari inapotembea tairi inazunguka, kwa hiyo inageuka huku inabingirika na usukani haupati kazi kubwa. Ikisimama, lile tairi pana limekaa chini na uzito wa gari juu yake, ukikata usukani unalisaga pale pale lilipo na lenyewe linakataa. Steringi boksi, yaani boksi la gia za usukani, imefungwa kwenye chasisi, inasukuma fimbo inayokwenda kwenye gurudumu, gurudumu likigoma ile nguvu inarudi inasukuma chasisi yenyewe pembeni. Usiniamini mimi, simama mbele ya gari yako halafu mwambie mtu akae ndani akate kushoto kulia kushoto kulia injini ikiwa inaunguruma, utaona bodi nzima inasogea pembeni kidogo juu ya ekseli. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilichuchumaa pale kama dakika tano naangalia tu. Maana yake kila kitu kilichopo kati ya chasisi na ekseli, bushi za springi (zile raba za kwenye maungio yake), mabamba ya springi, na kwa zile zenye koili springi ile fimbo ndefu ya kukingama inayozuia ekseli isikimbie pembeni, vyote vinapindwa kila unapokata usukani. Kwa hiyo sauti inaweza kutokea wakati usukani unakatwa na usukani wenyewe usiwe na kosa lolote.

Vumbi nalo lina kazi yake hapa. Ukipita Lodoare pale geti la Ngorongoro, sehemu kubwa ya njia mpaka ndani Serengeti ni vumbi laini kama unga na barabara ya mawimbi kama bati, lile vumbi linaingia kwenye kila mpasuko wa raba linanyonya unyevu wote. Kipindi cha mvua ni kinyume chake, unavuka maji, maji yanaingia kwenye jointi yenye kava iliyochanika yanasukuma grisi nje, siku ile na kesho yake husikii chochote kwa sababu bado kuna unyevu, baada ya wiki pamekauka ndio unaanza kusikia mlio na umeshasahau kama ulivuka mto.

Sasa hapa ndipo wengi tunapotea. Sauti inasafiri ndani ya chuma kwa kasi kuliko hewani na haichoki upesi, inapita kwenye chasisi inatokea mahali pengine kabisa. Yangu nilikuwa naisikia miguuni upande wa dereva karibu na pedeli, ningeapa ni shafti ya usukani. Kumbe sivyo. Sikio ukiwa umekaa kwenye siti halikupi jibu, jibu liko mkononi, uvunguni.

Fanya hivi. Gari iwe sehemu tambarare, weka jiwe nyuma ya tairi za nyuma, hendbreki juu, gia ya kusimama. Mtu mmoja akae kwenye usukani akate taratibu, robo mzunguko kushoto robo kulia, asifike mwisho. Wewe ingia chini na ushike jointi moja moja kwa kiganja, tairodi endi za kulia, za kushoto, za ile fimbo inayotoka kwenye boksi, halafu bushi za springi, halafu bolti za steringi boksi pale kwenye chasisi. Mwambie mwenzako kabisa kwamba mkono wako uko humo, asikate bila kusema, vidole vinabanwa. Jointi nzima utasikia inazunguka laini kama kitu kilichomo kwenye asali. Ile inayolia inakutekenya kiganja, tetete tetete, inatetemeka kwenye ngozi kabla hata sikio halijajua, hapo huna haja ya kuuliza mtu. Kama mkono haufiki chukua bisibisi ndefu, ncha weka kwenye chuma, mpini weka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mafundi wa zamani wanasikilizia beringi hivyo hivyo.

Ukishapata unaowashuku chukua chupa ya maji yenye sabuni kidogo, nyunyizia bushi moja tu, kata usukani, sikiliza. Bado? Nyunyizia inayofuata. Usinyunyizie zote kwa mpigo maana sauti itakufa na hutajua nani alikuwa analia. Ikikata ghafla baada ya bushi fulani umempata, na kesho maji yakikauka akianza tena ndio uthibitisho. Yangu ilikuwa bushi ya springi ya mbele upande wa ABIRIA, mbali kabisa na nilipokuwa naisikia, ile raba ilikuwa imekauka inang'aa kama kioo na imekula upande mmoja mpaka chuma inakaribia kugusa chuma.

Uwapo humo uvunguni angalia pia rangi. Bolti iliyokaza vizuri ina vumbi la kawaida kuizunguka. Bolti inayocheza inaacha unga mwekundu wa kutu mpya pembeni mwa washa, kama mtu amemwaga pilipili ya unga, kwa sababu chuma inasagana na chuma kila unapokata. Ukiuona huo unga kwenye steringi boksi au pale fimbo ya kukingama inapofungwa acha kila kitu ushughulikie hicho kwanza, safisha kwa brashi na mafuta ya taa uangalie kama chasisi haijapasuka kuanzia kwenye tundu la bolti. Barabara za rafu zinapasua chasisi kweli na pale kwenye boksi ni mahali pabaya mno kupasuka.

Kuna milio ambayo watu wanaichanganya na hii. Ikilia nguuuu na inapanda ukipiga resi hiyo ni pampu ya pawa steringi, angalia mkebe wake, kama mafuta yamepungua au yana povu kuna hewa imeingia. Ikilia ta-ta-ta ukiwa unakata kona huku unavuta, hasa ukiwa umeweka 4x4, hiyo ni jointi ya ekseli ndani ya lile bakuli la duara nyuma ya gurudumu. Ikilia kwii lakini karibu na kifua chako, na inalia hata injini ikiwa imezimwa ukitikisa usukani kidogo tu bila tairi kugeuka, hiyo iko ndani ya kebini, mara nyingi ni lile lipu la raba ambapo shafti ya usukani inatoboa ukuta wa injini, limekauka, ukilipaka grisi ya silikoni kidogo limekwisha. Ikilia pale tu unapofika mwisho wa kukata angalia bolti ya kuzuia, ile inayogonga hausingi ya ekseli gurudumu likifika mwisho, inakuwa inasugua kavu, pakaa grisi pale inapogusa na uendelee na safari.

Kingipini, pale gurudumu linapogeukia ukikata usukani, nayo inahitaji maelezo kidogo. Kwenye hizi ekseli nzima, za chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, kila gurudumu linageukia kwenye beringi mbili, ya juu na ya chini, lakini hazizunguki kama beringi za kawaida, zinakwenda na kurudi kidogo tu na muda mwingi zimekaa pale pale gari ikiwa inakwenda mbele. Miaka ikienda zile rola zinachimba vijishimo kwenye kikombe chake, ndio maana Hardtop nyingi za zamani ukizipiga jeki ukageuza gurudumu kwa mkono unasikia linajikwaa katikati, linaingia kwenye shimo lake. Kuipima, piga jeki weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imelifunga gurudumu pamoja na kile chuma kinachobeba kingipini. Mchezo ukibaki ni kingipini. Hicho kipimo hakina gharama yoyote na kimeniokolea beringi nzima nzima ambazo zingetupwa.

Pale nyuma ya gurudumu kuna bakuli la duara linalopanguswa na sili ya raba kila unapokata kona. Likiwa kavu lina vumbi nalo linalia, lisafishe ulipake grisi nyembamba. Lakini likiwa limelowa uji mweusi unaonuka oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili imeingia imechanganyika na grisi imekuwa supu, na ule uji ukiwa na rangi ya maziwa kuna maji humo, fungua usisubiri.

Wenye Prado za umbo la 90, zile za 1996 mpaka 2002, na ndugu zake zenye miguu huru mbele, yaani kila gurudumu linapanda na kushuka kivyake, nyie mlio huu msiuchukulie kama wangu. Kwenye Hardtop bushi ikilia inakera tu. Kwenye hizo boljointi ya chini inavutwa na uzito wa gari muda wote, ikichakaa inachomoka na gurudumu linalala kwenye upinde wa bodi. Mkono ukikutekenya pale, au ukiona kava ya raba imechanika na ndani pakavu pana kutu, gari isitoke hapo mpaka ibadilishwe.

Na naomba niseme hili kwa moyo wote, jamani acheni kumwagia oili chafu kwenye bushi. Najua gereji nyingi ndio dawa, unamwaga oili ya injini iliyotoka sauti inakata unafurahi. Raba ya asili inakunywa oili, inavimba, inalainika kama chingamu, baada ya miezi michache inatoka vipande vipande na vumbi limeganda juu yake limekuwa msasa. Dizeli nayo ni hivyo hivyo. Kama ni lazima kunyamazisha mpaka ufike nyumbani tumia silikoni, na kama huna tumia maji ya sabuni.

Bushi zenyewe kubadilisha ni kazi ya nusu siku kama bolti hazijaoza. Safisha pini kwa msasa laini mpaka iteleze kwenye kidole, na kama springi yako ina nipo, kile kichuchu cha kuingizia grisi, izibue kwanza uone grisi inatoka upande wa pili. Halafu kitu kimoja ambacho mimi nilielekezwa na mzee mmoja fundi wa malori na hakuna gereji iliyowahi kuniambia, usikaze nati za mwisho gari ikiwa juu ya jeki. Ukikaza ikiwa inaning'inia ile raba inafungwa ikiwa kwenye mkao usio wake, ukishusha gari inapindika moja kwa moja na itaanza kulia kabla hujamaliza mwezi. Shusha chini, isukume mbele nyuma mita chache ikae kwenye uzito wake, itikise bampa mara mbili tatu, ndio uingie tena chini na spana ukaze.