Maana ya kurejesha kazi za kinywa kwa vipandikizi baada ya kuondolewa taya la juu

Kurejesha kazi za kinywa kwa vipandikizi ni tiba inayomwezesha mtu aliyeondolewa taya la juu kutafuna, kumeza na kusema tena, kwa kumwekea kaakaa na meno ya bandia yanayoshikiliwa na skrubu za metali iitwayo titani zilizopandwa katika mfupa uliobaki. Mara nyingi taya hilo, lote au sehemu yake, huondolewa kwa sababu ya saratani, ingawa wapo wanaolipoteza kwa uvimbe usio wa saratani au kwa fangasi wanaoozesha mfupa.

Ni kosa kuiona tiba hii kama urembo. Kaakaa ni dari ya kinywa na papo hapo ni sakafu ya pua, kwa hiyo likiondoka, kinywa na pua huwa chumba kimoja. Maji na uji hutokea puani. Pumzi inayopaswa kubanwa kinywani hupotelea juu, hata mtu akifumba midomo ili atamke "baba", anayemsikiliza husikia "mama". Wengi huanza kukwepa kula mbele za watu, kisha hukwepa hata kuzungumza.

Dawa ya zamani ya tundu hilo ni kizibo cha kaakaa. Katika karne ya 16, mpasuaji Mfaransa Ambroise Paré alieleza bamba la dhahabu au fedha lililoshikiliwa na sponji iliyopachikwa tunduni. Cha leo hutengenezwa kwa plastiki ngumu na hukamata meno yaliyosalia kwa vikulabu vya chuma. Tatizo huja pale meno yanapokuwa machache au yameisha kabisa: meno bandia ya kawaida ya juu hugandamana na kaakaa, na hapa kaakaa lenyewe halipo, hivyo kizibo, ambacho kina uzito wake, huning'inia na kucheza kila mgonjwa anapotafuna.

Hapo ndipo vipandikizi vinapohitajika. Mwaka 1952 mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aliona kwamba titani iliyowekwa katika mfupa wa sungura ilikuwa imeshikana nao kiasi cha kutobanduka, na mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 10 hivi, lakini baada ya upasuaji huu mara nyingi hakuna mfupa wa kukitosha. Kwa hiyo hutumika kipandikizi kirefu, cha kuanzia milimita 30 hadi zaidi ya 50, kinachokita katika mfupa wa shavu, ambao ni mgumu na kwa kawaida huachwa mzima. Vichwa vya skrubu hizo hutokeza kinywani, na kizibo hufungwa juu yake.

Njia nyingine ni kuchukua mfupa mwembamba wa mguuni, pamoja na nyama na mishipa yake ya damu, kuujengea taya na kuupandikizia meno. Hufunga tundu moja kwa moja, lakini ni upasuaji mrefu, na nyama hiyo huweza kuficha saratani inayorudi, ilhali kizibo kikivuliwa daktari huona ndani kwa macho yake.

Adui mkubwa wa vipandikizi ni mionzi ya kutibu saratani, kwa sababu hupunguza damu inayolisha mfupa na kuufanya uwe mzito kupona. Ndiyo maana mtengenezaji wa viungo bandia vya kinywa anapaswa kukaa meza moja na mpasuaji kabla taya halijakatwa, si baada ya miezi. Wakipanga mapema, skrubu zinaweza kupandwa siku ileile ya upasuaji, mionzi ikiwa bado haijaanza.

Siku ya kukabidhiwa kizibo, mgonjwa hupewa glasi ya maji, huku daktari akiangalia pua yake. Ikibaki kavu, humwomba aseme "baba", na kusikiliza.