Muwasho wa ukeni kwa mama mtu mzima: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ni fangasi tu.

Ukweli: Hedhi ikishakoma, fangasi za ukeni hupungua sana, isipokuwa kwa mwenye kisukari au anayetumia tiba ya homoni. Muwasho usiokwisha, hasa unaomnyima mama usingizi, mara nyingi ni ugonjwa wa ngozi, na wa kufikiriwa mapema ni laikeni sklerosasi. Ngozi ya mashavu ya uke huwa nyeupe, nyembamba, yenye mikunjo kama karatasi ya sigara, nayo huchanika kirahisi. Weupe huo huweza kuzunguka hadi njia ya haja kubwa. Usipotibiwa, midomo ya ndani hunywea na kushikana, na kinembe hufunikwa. Inaumiza kuona mama akiandikiwa dawa ya fangasi tena na tena bila kuangaliwa hata mara moja.

Dhana: Ni uchafu, au ameambukizwa na mumewe.

Ukweli: Ugonjwa huu hauambukizi wala si wa zinaa. Sabuni na ndimu huzidisha muwasho. Maji matupu yanatosha.

Dhana: Marhamu ya steroidi itamharibu ngozi.

Ukweli: Hofu hii ina chanzo, kwa kuwa klobetasoli, ambayo ni steroidi kali ya kupaka inayotuliza ngozi iliyowaka, imetumiwa vibaya mno kujichubua uso, na hata karatasi ya maelezo ndani ya boksi huweza kukataza kuipaka sehemu za siri. Hata hivyo, marhamu ya klobetasoli ya asilimia 0.05, ikitumiwa chini ya uangalizi wa daktari, ndiyo tiba ya kwanza ya laikeni sklerosasi. Utaratibu unaotumika sana ni kupaka kidogo kila usiku kwa mwezi mmoja, kisha usiku mmoja na kuruka mwingine kwa mwezi wa pili, kisha mara 2 kwa wiki mwezi wa tatu. Tyubu ya gramu 30 kwa kawaida hutosha kipindi chote hicho. Kosa kubwa ni kuacha dawa mara tu muwasho unapotulia, kwani ngozi huendelea kunywea kimyakimya.

Dhana: Daktari akitaka kukata kipande cha ngozi, basi ni saratani.

Ukweli: Kipande hicho ni cha milimita chache, hukatwa kwa ganzi, na huhitajika pale dalili zisipoeleweka, dawa isipofanya kazi, au panapotokea uvimbe mgumu au kidonda kisichopona. Wanaopata saratani kutokana na ugonjwa huu hawafiki asilimia 5, na tiba ya kudumu huipunguza hatari hiyo. Ndiyo maana mama anapaswa kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka, hata asipowashwa.