Kugawa sindano safi si kuwafunza watu kujidunga

Hapa Malindi utasikia sana barazani, ati wale vijana wanaojitolea kugawa sindano ndo wanaongeza watu wa unga, yaani wanaotumia heroini. Naelewa, mzazi aliyeona mwanawe akiisha kwa unga lazima aogope.

Lakini anayepewa sindano ni mtu ambaye tayari anajidunga, na akikosa safi ataazima ya mwenzake, hapo ndo ukimwi na homa ya ini aina ya C zinapopita, na hiyo C haina chanjo mpaka leo, virusi vyake vyaweza kukaa hai ndani ya bomba la sindano hadi siku 63! Mpango kama huu ulianza Amsterdam mwaka 1984 na tafiti za nchi nyingi tangu hapo hazijaonyesha kwamba unaongeza watumiaji.

Tena wanaojitolea wanaokota zilizotumika, wanazitia kwenye boksi gumu, wengine wanampeleka mtu kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha heroini, akiwa tayari.

Ukitaka kuhakikisha, nenda kwa adabu uulize zimetoka ngapi zimerudi ngapi, na umuulize nesi yeyote unayemwamini.